Mkoa mkubwa kuliko Sicily tunaouonea dirishani

Sicily ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Bahari ya Mediterania: kilomita za mraba 25,700 hivi. Kinachokifuata ni Sardinia, chenye 24,000 na ushei. Viunganishe, jumla inakaribia 50,000. Sasa funua ramani ya Tanzania, weka kidole katikati kabisa, kisha usome ukubwa wa mkoa uliougusa: kilomita za mraba zipatazo 49,300. Singida ni Sicily na Sardinia zilizowekwa pamoja, pungufu ya vipande vichache vya ufukwe.

Hesabu hii huwashangaza watu, nami huipenda kwa sababu hiyo hiyo. Watalii wa visiwa vile huhesabiwa kwa mamilioni kila mwaka. Wanakwenda kuogelea, ndiyo, lakini wanakwenda pia kutazama miamba ya matale, mabwawa ya chumvi yenye heroe, machimbo ya kale, wafugaji na vyakula vya shambani. Singida ina miamba, ina maziwa ya chumvi yenye heroe, ina machimbo, ina wafugaji, na chakula chake kinasifiwa hadi Dar es Salaam. Inachokosa ni bahari, na abiria wa kushuka kwenye basi.

Maana abiria wengi wanaotoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, Kahama au Bukoba wanaijua Singida kwa mambo matatu: upepo, kuku na kuchimba dawa. Basi linasimama, vijana wanakimbilia madirishani na mafungu ya vitunguu, madumu ya mafuta ya alizeti na chupa za asali. "Anko, asali mbichi hii, onja kwanza!" Anko anaonja, anapunguza bei, konda anagonga bodi, na mkoa wenye watu milioni mbili kwa sensa ya mwaka 2022 unarudi nyuma ya kioo. Mbele kuna Misigiri, kisha Shelui, na abiria amekwisha kulala.

Tabia hii ya kuikatiza Singida mbio mbio ni kongwe kuliko lami. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikakatiza Ugogo ikitoa hongo kwa mtemi huyu na yule, kisha ikafika mahali ambapo wapagazi walijaza vibuyu vyao hadi juu. Paliitwa Mgunda Mkali. Nyika hiyo ilianza Ugogo ilipoishia na kwenda hadi Tura, mlangoni mwa Unyamwezi, na sehemu yake kubwa leo ni Manyoni na Itigi. Richard Burton na John Speke waliipita mwaka 1857 wakitafuta maziwa makuu. Henry Morton Stanley akapita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Maandishi yao kuhusu eneo hili yanafanana kwa jambo moja: kila mtu anahesabu umbali uliobaki mpaka shimo la maji linalofuata.

Sicily nayo ilikuwa njiani. Wagiriki, Warumi, Waarabu walioanza kuiteka mwaka 827, Wanormani wa karne ya 11, kila mmoja alikuwa na safari yake. Lakini wao walikuta mvua ya kipupwe, ngano na bandari, wakakaa. Wakaacha mahekalu, misikiti iliyokuja kugeuzwa makanisa, mabustani ya ndimu. Singida mgeni hakukuta kinywaji cha kumkalisha. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, milimita 600 hadi 800 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na jua pamoja na upepo huvukiza maji mengi kuliko hayo. Kwa hiyo wapita njia wakaandika kwamba ni nchi kavu, wakaondoka, na sisi tukarithi maoni yao pamoja na njia yao.

Mimi naona walikosea hesabu. Ukame ule ule uliowakimbiza ndio ulioitengeneza Singida: maziwa yake, mawe yake, asali yake, nafaka zake, hata ukaidi wa watu wake.

Tuanze na maziwa, kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu na stendi. Mji wa Singida umekaa juu ya uwanda wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na una maziwa mawili mlangoni: Singidani na Kindai. Yote mawili hayana mto wa kutokea. Maji ya mvua hushuka kutoka kwenye miinuko yakiwa na chembe za madini ya mwambani, hutua ziwani, jua huyanyanyua maji na kuyaacha madini. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka, utapata maji ya magadi na chumvi ambayo ng'ombe huyalamba kwa furaha na binadamu huyatema. Miaka ya mvua kubwa ziwa hupanda na kumeza mashamba ya kandoni. Miaka ya kiangazi hurudi nyuma na kuacha ukingo mweupe unaong'aa.

Maji hayo mabaya kwa mpagazi wa Mgunda Mkali ni karamu kwa heroe. Heroe mdogo, yule mwenye mdomo mwekundu uliokolea, hula viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho ambavyo hustawi kwenye maji ya magadi, na rangi ya manyoya yake hutokana na chakula hicho. Huzaliana Ziwa Natron, kisha huzunguka akifuata maji ya Bonde la Ufa na ya nyanda zake, leo hapa, mwezi ujao kwingine, bila ratiba ambayo wakala wa safari angeweza kuichapisha. Ndiyo maana sikuahidi kwamba utamkuta. Wakikosekana heroe, utakuta mwari, bata maji na ndege wengine wa majini.

Wakazi wa Cagliari, mji mkuu wa Sardinia, wana jambo kama hilo. Katikati ya mji wao kuna mabwawa ya chumvi ya Molentargius, ambako zamani watu walivuna chumvi. Uvunaji ulipokoma, heroe wakubwa wakaanza kutaga humo katika miaka ya 1990. Pakatangazwa kuwa hifadhi, zikachongwa njia za miguu na za baiskeli, na leo mtu hutoka kazini akapita kuwatazama ndege kabla ya kwenda nyumbani. Kule Cyprus, ziwa la chumvi la Larnaca liko karibu kabisa na uwanja wa ndege, na heroe wa majira ya baridi wako kwenye kila kadi ya posta. Singidani ni la mji namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kwenye sehemu za vinywaji za Singida, viti vingi vimeelekezwa kwenye televisheni.

Kuna na samaki. Ngege, aliyekuwa kitoweo kikuu cha Ziwa Victoria kabla ya uvuvi uliopita kiasi na samaki wa kuletwa kumfagia, aliwahi kupandikizwa katika maziwa mengi madogo ya Tanzania, ya Singida yakiwemo. Ajabu ni kwamba vitabu vya wataalamu wa samaki duniani humtambulisha kwa jina la tilapia wa Singida, na kumweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini sana kutoweka. Mji wenye samaki aliyeandikwa jina lake duniani kote, na hakuna bango hata moja linalomtaja! Mtu wa Sardinia angekwisha kumtungia sherehe ya kila mwaka.

Ukitaka maji baridi, nenda Iramba. Ziwa Kitangiri ni la wavuvi na viboko, hujazwa na mito ya Wembere na Ndurumo, na humwaga maji yake kupitia mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, ambako safari ya maji inaishia kwenye chumvi tena. Bonde la Wembere ni tambarare jeusi la mbuga ambalo masika hugeuka dimbwi na kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu. Wajerumani waliliangalia wakaota pamba: walifanya upimaji ili kuchimba mfereji wa kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi huko. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja, ndoto ikabaki kwenye karatasi. Daraja la Sibiti linalounganisha Mkalama na Meatu ni la juzi tu. Kabla yake, masika ilikuwa mpaka wa kweli kuliko ule wa mikoa.

Kusini mandhari hubadilika. Karibu na Kilimatinde, nchi inaporomoka ghafla kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake unaona uwanda wa Bahi ukienda mpaka macho yanachoka. Wajerumani walijenga boma lao hapo juu, mahali pa kuona kila msafara unaopanda. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilitafuta njia yake ya kupanda ukingo huo, Manyoni ikawa kubwa, na Kilimatinde ikabaki na hospitali yake ya misheni na upepo. Wenyeji wa Manyoni watakuambia pia kwamba kitovu cha Tanzania kiko kwao, Sukamahela. Sitabishana nao, mtu aliyezoea kupitwa na treni anastahili walau kuwa katikati ya kitu.

Magharibi ya Manyoni ndiko kuna vichaka vya Itigi, ule ule mgunda uliokuwa mkali. Ukiwa garini huonekana kama pori lisilo na maana: miti mifupi ya mita tatu hadi tano, imesongamana kiasi kwamba mbwa hupita kwa shida. Wanasayansi wa mimea huona kingine. Kichaka cha aina hii ni adimu; mahali pengine kinapofahamika ni kaskazini ya Zambia, upande wa Ziwa Mweru Wantipa, na sehemu kubwa ya kile cha Itigi imekwisha kufyekwa kwa mashamba na mkaa. Kikichanua baada ya mvua za kwanza, nyuki hulewa. Asali ya Manyoni na Itigi hutoka humo. Chupa uliyoonja dirishani huenda ndiyo ladha pekee ya Mgunda Mkali utakayoipata maishani, kwa hiyo usimpunguzie kijana yule bei sana.

Mbele zaidi ni pori la akiba la Rungwa, lenye kilomita za mraba 9,000 hivi, likiwa na Kizigo na Muhesi ubavuni, na likipakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Simba, tembo, palahala na makorongo ya mito mikavu. Hayo ni mapori ya uwindaji wa kitalii, kwa hiyo Mtanzania wa kawaida huyafahamu kwa kibao tu akielekea Makongolosi.

Mawe sasa. Hakuna picha ya Singida isiyo na mawe: marundo ya matale yaliyopangana kama vile mtu alikuwa anacheza nayo akaitwa chakula. Jiwe la ukubwa wa nyumba limekalia lingine kwa ncha, na nyumba ya mtu iko chini yake, na mtu mwenyewe anaota jua mlangoni bila wasiwasi. Kazi hii ni ya muda na maji. Matale yaliganda ndani sana ya ardhi, yakapasuka kwa nyufa za mistari iliyonyooka; maji yakapenya nyufa hizo na kuzila pembe kwanza, kwa kuwa pembe hushambuliwa kutoka pande nyingi; kilichobaki kikawa mviringo. Udongo wa juu ulipochukuliwa na mvua na upepo, mawe yakatokeza yakiwa tayari yamepangwa. Mwamba wenyewe ni sehemu ya msingi wa kale wa Tanzania ya kati, wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5.

Sardinia nayo ina matale, kaskazini mashariki, katika eneo la Gallura. Yana miaka milioni 300 hivi, watoto wadogo mbele ya yetu. Karibu na mji wa Palau upepo na chumvi vimechonga jiwe moja likafanana na dubu, na watu hupanda kilima kulifikia, hupiga picha na kushuka kununua soda. Singida ina mawe yanayofanana na chochote utakacho: kobe, mkate, mzee amevaa kofia. Yale bapa wanawake huanikia mtama na uwele. Mengine, na hili linaniuma, hupasuliwa kwa moto na nyundo kuwa kokoto. Simlaumu anayepasua, maana ana watoto wa kulisha na soko liko barabarani. Nashangaa tu kwamba mwamba wa miaka bilioni mbili na nusu unauzwa kwa ndoo, na hakuna aliyeweka alama kusema rundo hili tusiliguse.

Baadhi ya mapango na vibanda vya mawe huko Iramba, Mkalama na Singida Vijijini yana michoro ya kale ya wanyama na watu, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Michoro ya jirani zao wa Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ya Singida haijapewa hata uzio. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen, aliyezunguka pande za Eyasi na Isanzu katika miaka ya 1930, aliinakili michoro mingi na kuandika hadithi nyingi za Wanyisanzu na Wahadzabe. Zilichapishwa kwa Kijerumani, na mtoto wa Nduguti akitaka kuzisoma hadithi za babu zake atahitaji kamusi ya Kijerumani.

Ndani ya mawe hayo kuna dhahabu. Sekenke, upande wa Iramba kuelekea Shelui, ndiko Wajerumani walikoanzisha mgodi wao wa kwanza mkubwa wa dhahabu ya mwambani hapa nchini, baada ya kuigundua mwaka 1907. Vita ilipopamba moto na meli za Ujerumani zikashindwa kufika, serikali ya koloni ikaishiwa sarafu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, dhahabu ya Sekenke ikapigwa muhuri kuwa sarafu ya rupia 15: upande mmoja tai, upande wa pili tembo amenyanyua mkonga mbele ya mlima. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Septemba ya mwaka huo Wabelgiji wakaingia Tabora, na sarafu zikasambaa duniani. Leo hugombaniwa minadani Ulaya, tembo wake akisifiwa kuwa miongoni mwa picha nzuri kuwahi kuchapwa kwenye fedha ya Afrika. Kwa madereva wa malori wa zamani, hata hivyo, Sekenke ni jina la mteremko. Waulize waliopita kabla ya lami. Watakuonyesha kwa mikono jinsi gari lilivyokuwa linashuka.

Dhahabu haijaisha. Wachimbaji wadogo bado wapo Sekenke; Manyoni kuna kijiji kiitwacho Londoni kilichofurika watu baada ya dhahabu kuonekana; na Mang'onyi, wilayani Ikungi, mgodi wa kisasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2023. Hazina ya Singida imekuwa ikitoka nje kwa zaidi ya karne sasa. Makumbusho ya kuonyesha walau sarafu moja ya tembo pale mjini ingekuwa adabu tu.

Watu wa nchi hii hawakupewa na mvua jambo lolote bure. Wanyaturu, ambao ndio wengi katika mji na wilaya zinazouzunguka, walipata dawa yao ya ardhi hafifu: samadi. Mwanaanthropolojia wa Marekani Harold Schneider, aliyeishi kwao mwaka 1959 na 1960 na kutoa kitabu mwaka 1970, aliona mzunguko uliomfurahisha. Ng'ombe hutoa samadi, samadi hukuza uwele, uwele wa ziada hugeuka pombe ya kuwaita majirani shambani au hubadilishwa kwa mifugo mwaka wa njaa, na mifugo huongeza samadi. Yeye aliwaona kama wawekezaji wenye hesabu kali. Mzee wa Ilongero angeshangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kitabu.

Kaskazini wako Wanyiramba, wakulima na wafanyabiashara mahiri wa Kiomboi na kandokando yake, na Wanyisanzu wa Mkalama. Hawa wa mwisho walijulikana mbali kwa mvua. Makao ya watawala wao yalikuwa Kirumi, na kazi ya kuita mvua iligawanywa kati ya watu wawili wa ukoo mmoja, mwanamume na mwanamke. Mmoja peke yake hakuweza. Tambiko lilihitaji wote wawili, kama uzazi. Watu kutoka makabila ya jirani walikuwa wakija kuomba, maana katika nchi ya milimita 600 anayedhaniwa kujua njia ya mvua huheshimiwa kuliko mwenye bunduki. Wajerumani, waliokuwa na bunduki, walijenga boma lao hapo hapo Mkalama. Kuta zake zipo bado.

Zaidi ya hapo, kuelekea Eyasi, wanaishi Wahadzabe, wenye lugha ya vidoko isiyo na ndugu wa hakika duniani, wanaowinda na kuchimba mizizi katika pori linalozidi kupungua. Watalii huwafuata kwa upande wa Karatu, kwa sababu huko kuna magari na hoteli. Wale wa Mkalama hawatembelewi sana, na sina hakika kwamba hilo ni hasara kwao. Kusini kuna Wagogo na nyumba zao za tembe zenye paa bapa la udongo, Wakimbu wa Itigi, na kila mahali Wabarabaig na Wasukuma wakiwa nyuma ya ng'ombe wao.

Shujaa wa mkoa ni mwanamke. Simulizi za Wanyaturu zinamtaja Liti, aliyekataa kodi na amri za Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwapiga kwa jeshi la nyuki. Askari walikuja na bunduki, yeye akafungua mizinga, nao wakatimka. Walimuua baadaye kwa hila, wasema wazee, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Wapo wanaotabasamu wakisikia habari ya nyuki. Mimi sioni kichekesho: nchi ya mizinga, mwanamke anayejua tabia ya nyuki, na kundi la askari waliovaa mavazi ya jasho mchana wa kiangazi. Uwanja wa mpira wa Singida, ambao vizazi viliuita Namfua, sasa unaitwa Liti, na timu za Ligi Kuu zikicheza hapo mtangazaji hulirudia jina hilo mara nyingi kuliko vitabu vyote vya historia vya shuleni.

Kuna na jina baya. Kati ya mwaka 1946 na 1948 Singida ilitangazwa magazetini ndani na nje kwa habari za simba-watu, mauaji yaliyofanywa na binadamu na kusingiziwa simba. Serikali ya kikoloni ilikamata, ikashtaki, ikanyonga. Hadithi zile zilinata, na hadi leo kuna mtu atakayekuuliza kwa sauti ya chini kama huogopi kulala huko. Lala. Kitakachokuamsha ni baridi ya Juni na Julai, ambayo watu wa pwani huidharau mpaka waikute.

Chakula hakihitaji utetezi. Ugali wa mtama au uwele, mlenda, kuku wa kienyeji aliyekimbia hadi nyama ikakomaa. Kuku wa Singida husafirishwa kwa matenga hadi Dar es Salaam, na huko kila baa inadai anayekaangwa jikoni kwao ametoka Singida, idadi ambayo mkoa wenyewe usingeweza kuitotoa. Alizeti ndiyo iliyobadilisha sura ya mashamba. Kati ya Machi na Mei barabara ya kutoka Ikungi huwa ya njano pande zote mbili, na vinu vya kukamua mafuta vimejaa mjini. Vitunguu vya Mkalama na Iramba huvuka mipaka ya nchi.

Kisha kuna wanariadha. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu, alishinda marathoni ya dunia kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wenyewe, tofauti ikiwa sekunde 0.03 baada ya kukimbia zaidi ya saa mbili. Hakuna Mtanzania aliyewahi kupata dhahabu ya mashindano hayo kabla yake. Mita 1,500 juu ya bahari, upepo wa uso na barabara zisizo na mwisho: uwanja wa mazoezi uko tayari, na mbio za kila mwaka za kuzunguka Singidani hazingehitaji zaidi ya maji ya kunywa na polisi wawili wa barabarani.

Anayetaka kwenda hana udhuru wa umbali tena. Treni ya umeme imefika Dodoma tangu mwaka 2024, na kutoka hapo ni kilomita 240 hivi za lami. Kutoka Arusha ni kupitia Babati na Katesh, Mlima Hanang ukikutangulia. Nenda Aprili au Mei, mvua ikishaanza kukata, maziwa yakiwa yamejaa na alizeti ikiwa na maua. Tenga siku moja ya mji na maziwa, mbili za Iramba na Mkalama, nyingine ya Manyoni na Kilimatinde. Kwenye michoro ya mapangoni mtafute mwenyekiti wa kijiji kwanza. Atakupa kijana wa kukuongoza, na kijana mpe chake mkononi. Shuka asubuhi, kabla upepo haujaamka. Na kuku ukimtaka, mnunue hai, umfunge miguu mwenyewe na kumweka chini ya kiti; konda ataanza kudai nauli yake, na hapo mtazungumza.